Supachaja ya boti inaishiwa pumzi: uanzie wapi kabla ya kubadilisha puli?

Swali: Boti yangu ina injini ya V8 ya petroli, lita 8.2, yenye supachaja ya Roots juu yake (pampu ya hewa inayozungushwa na injini) na intakula ndogo iliyokuja nayo, yaani kipozea cha hewa hiyo. Zamani nikifungulia mafuta yote geji ya presha ilisimama kwenye paundi 7 kwa inchi ya mraba. Siku hizi inafika 7 injini ikiwa mizunguko 3,800, kisha inashuka hadi 5.5 nikifika 5,000, na boti inakuwa nzito. Fundi mmoja anasema nifunge puli ndogo ili supachaja izunguke kasi zaidi. Mwingine anataka nibadilishe njia yote ya hewa na kuweka filta ya koni kama za magari ya mashindano. Nimsikilize nani?

Jibu: Yule wa njia ya hewa yuko karibu zaidi na ukweli, ila filta yake ya koni usiifunge kabisa. Anza pale hewa inapoingilia, na puli iwe jambo la mwisho. Kabla ya spana tuielewe hiyo geji, maana naona imewapotosha nyote watatu.

Geji ya presha haihesabu hewa iliyoingia kwenye silinda. Inasoma hewa iliyosongamana kwenye manifoldi, bomba linaloigawa kwa silinda, ikisubiri zamu. Ukifunga vichwa vya silinda vinavyopitisha hewa vizuri zaidi, presha itashuka na nguvu itapanda. Ukiweka intakula kubwa, presha itashuka tena, kwa kuwa hewa iliyopoa huchukua nafasi ndogo. Kushuka kwa sindano peke yake si ugonjwa. Kwako ni ugonjwa kwa sababu hukubadilisha chochote na boti yenyewe imelalamika.

Supachaja ya Roots haikandamizi hewa ndani ya tumbo lake. Ni mteka maji mwenye ndoo ya kipimo kimoja: kila mzunguko anachota ujazo uleule upande huu na kuumwaga upande wa pili. Presha inatokea kule anakomwaga, kwa kuwa injini haiwahi kumaliza anachoiletea. Hewa ikimfikia nyepesi, iwe kwa kubanwa njiani au kwa joto, ndoo inapanda ikiwa na hewa pungufu ingawa mzunguko ni uleule. Na pungufu hiyo haibaki mlangoni; inakwenda nayo hadi ndani ya silinda.

Sasa tupige hesabu ya boti yako. Hewa ya kawaida usawa wa bahari ina presha ya kilopaskali 101. Paundi 7 ni kilopaskali 48 juu ya hapo, jumla 149. Paundi 5.5 ni 38, jumla 139. Geji imeanguka kwa asilimia 21 na kukutisha, lakini presha halisi ndani ya manifoldi imepungua kwa asilimia 7 hivi. Kama kosa lote liko kwenye njia ya kuingilia, basi palepale juu ya rota za supachaja (sehemu zake zinazozunguka), mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, lazima kuwe na upungufu wa karibu kilopaskali 7. Namba hiyo ndiyo tunayoitafuta. Ukiikuta, umemkamata mwizi. Ukikuta 2 tu, kuna mwingine anayeiba.

Lakini kabla hujanunua kipimo, zima injini, mwambie mtu asukume mkono wa mafuta hadi mwisho, nawe ondoa kizuia mwali, lile debe la juu kabisa, uchungulie throto, mlango wa hewa ya injini. Je, vibao vyake vimesimama wima kabisa? Nisingeliandika jambo dogo kama hili ila nimekwisha kukutana na mwenye boti aliyebadilisha pampu ya mafuta, plagi na waya zake zote, kumbe kebo ilikuwa imelegea na throto inafunguka robo tatu.

Throto ikiwa salama, funga geji ya mvuto, inayopima upungufu wa presha, kati ya throto na supachaja. Supachaja nyingi zina tundu lililozibwa kwa kizibo hapo. Leta mpira wake hadi kwenye usukani, tafuta maji matulivu, mwachie mwenzako uendeshaji, kisha soma namba mkiwa mizunguko 5,000.

Ikiwa mvuto ni mdogo na presha bado inashuka, angalia mkanda na valvu ya kurudisha hewa. Mkanda wa mifereji unaoteleza huacha vumbi jeusi kuzunguka puli na uso wake hung'aa kama umepakwa mafuta. Wa meno hauna tabia hiyo. Hakikisha kwa kupima kasi ya puli zote mbili kwa takometa ya mwanga: uwiano wake usibadilike kati ya mizunguko 3,000 na 5,000. Ukibadilika, mkanda unateleza, na puli ndogo ambayo fundi wako anaitamani ingezidisha kuteleza huko, kwa sababu mkanda ungeikumbatia kwa sehemu ndogo zaidi. Nayo valvu ya kurudisha hewa, ile inayoizungusha hewa nyuma ya supachaja unapokwenda polepole, inaweza kukwama bila kufunga sawasawa. Hapo supachaja inabaki kuteka hewa ileile mara mbili.

Nadhani hata hivyo utakuta mvuto ni mkubwa. Presha inayofika vizuri katikati kisha kufifia juu ndiyo sura ya injini inayokosa pumzi, kwa kuwa ukinzani wa njia ya hewa hupanda kwa mraba wa kasi. Kinachoonekana kidogo kwenye 3,800 kinakaribia kuongezeka mara mbili kwenye 5,000.

Injini yako kwenye 5,000 inavuta takriban mita za ujazo 25 za hewa kila dakika. Ni sawa na kumaliza hewa yote ya chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari la mita 2.8, kila sekunde 60. Sasa tazama matundu ya hewa ya chumba cha injini ya boti yako, yale yenye vipande vya bati vilivyoinama, ujiulize kama hewa ya chumba kizima inaweza kupita hapo bila kusukumana. Hewa ikipita kwa mita 8 kwa sekunde, kasi ambayo haileti ukinzani wa maana, unahitaji uwazi wa sentimita za mraba 520 hivi. Huo ni uwazi mtupu. Vipande vya bati vinaweza kula nusu ya tundu. Ukiwa na injini mbili, zidisha kwa mbili. Boti nyingi zilizotoka kiwandani na injini ya kawaida, kisha zikafungwa supachaja, hubaki na matundu ya injini ile ya kwanza.

Kupima ni rahisi. Chukua mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U, utie maji nusu. Ncha moja iingie chumba cha injini, nyingine ibaki pale mnapokaa, mahali pasipopigwa na upepo. Tofauti ya sentimita 10 kati ya vimo vya maji ni kilopaskali 1. Bahari ikiwa na mawimbi maji yatacheza hadi usisome kitu, hapo tumia kipimo cha kidijitali. Usijaribu njia ya mkato ya kukimbia mfuniko wa injini ukiwa wazi. Upepo unaweza kuung'oa, na wewe uko nyuma yake.

Kuhusu yale masikio ya kuchota upepo yanayofungwa juu ya mfuniko: watu wanaamini yanasukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwa mwendo wa noti 60 (maili za baharini kwa saa) upepo hutoa kiasi cha nusu kilopaskali, nayo ni kama una sikio lisilo na kasoro hata moja. Ni nusu ya asilimia moja. Faida ya masikio hayo ni kuleta hewa baridi, si presha, na hasara yake ni kuleta rasharasha. Mimi napendelea matundu makubwa yanayotazama pembeni au nyuma, yenye njia ya kona ndani ili matone yaangukie kwenye mfereji na kutoka nje kabla ya kuifikia injini. Maji ya chumvi yakiingia kwenye supachaja hukauka na kuacha ukoko juu ya rota na mapezi ya intakula, na ukoko huo hauondoki kwa kufuta.

Baada ya matundu, njoo kwenye kizuia mwali, lile debe la mapezi ya chuma juu ya throto ambalo wengi hulidhania kuwa filta. Kama bomba la pumzi ya injini limeelekezwa hapo, mvuke wa oili unaganda kwenye mapezi yake mwaka hadi mwaka. Lifungue, ulitazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga kwa taabu, umepata sehemu kubwa ya zile kilopaskali 7. Lioshe kwa kiyeyusho, likauke kabisa kabla ya kulirudisha, kisha weka chupa ya kunasa oili kwenye bomba la pumzi ili lisizibe tena.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na filta ya koni. Injini ikilipua moto kwa nyuma kupitia njia ya hewa, kizuia mwali huunyang'anya mwali joto lake ukipita kati ya mapezi, hata unazimika kabla ya kutoka. Filta ya karatasi au pamba haiwezi kazi hiyo. Yenyewe itashika moto. Kwenye gari mwali ungetoka ukapotelea hewani chini ya boneti. Kwenye boti mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa, hutulia chini kwenye ngama ukingoja cheche. Marekani sheria inadai kizuia mwali kwa kila injini ya petroli ya ndani ya boti iliyofungwa baada ya Aprili 25, 1940, na hicho kizuia lazima kiwe kimeidhinishwa. Ukitaka kikubwa zaidi, nunua cha baharini chenye alama ya kiwango cha SAE J1928 au UL 1111. Ukubwa wake ndio unaokupa hewa. Na feni ya kutoa mvuke chumba cha injini iwashe angalau dakika 4 kabla ya kuwasha injini, hata kama matundu mapya ni makubwa kama madirisha.

Kama unataka kuleta hewa ya nje kwa bomba hadi kwenye throto, jambo ninalolipenda, usipuuze umbo la mdomo wa bomba. Bomba la kipenyo cha milimita 100 likibeba hewa yako yote, hewa inakwenda mita 53 kwa sekunde. Bomba lililokatwa tu likatokeza wazi hupoteza zaidi ya kilopaskali 1.3 mdomoni peke yake. Mdomo huohuo ukifunuliwa kwa mviringo kama wa tarumbeta, hasara inashuka chini ya 0.1. Ukipanda hadi bomba la milimita 125, kila hasara inagawanywa kwa karibu 2.4. Kona kali moja inaweza kukugharimu kuliko mita kadhaa za bomba lililonyooka. Tumia bomba gumu au lenye waya wa ndani, lisilonywea kwa mvuto. Mpira laini hujikunja injini ikivuta kwa nguvu, na mkirudi gatini unakuwa umejirudia kama hakuna kilichotokea.

Hewa ya nje inalipa zaidi kwa joto kuliko kwa presha. Chumba cha injini kikiwa na nyuzi 60 na nje kukiwa na 30, hewa ya chumbani ni pungufu kwa asilimia 9, na kwa supachaja ya ndoo ya kipimo kimoja hiyo ni asilimia 9 ya hewa yako iliyopotea bila geji ya mvuto kuonyesha lolote. Kisha Roots yenyewe inapasha joto: kwa paundi 7, hewa iliyoingia na nyuzi 30 inaweza kutoka na 95 hivi, na ile ya 60 ikatoka na zaidi ya 130. Supachaja ya parafujo pacha, iliyoendelezwa na mhandisi wa Uswidi Alf Lysholm miaka ya 1930, huikandamiza hewa ndani yake, na joto inaloiongezea linazidi lile la lazima kwa kiasi kidogo tu. Ndiyo maana wenye presha kubwa huhamia huko. Kwa paundi 7 sioni sababu ya wewe kuhama. Roots haina umaridadi lakini ni ngumu. Zile namba 6-71 zinazotajwa kwenye supachaja za mashindano zinatokana na dizeli za General Motors za silinda 6, kila moja inchi za ujazo 71, ambazo baadhi yake ziliendesha mashua za kushushia askari kwenye Vita Kuu ya Pili. Zilikuwa kwenye maji kabla ya kufika kwenye magari ya mbio.

Intakula ndogo uliyonayo inatosha kwa sasa kama ni safi. Ina faida moja ambayo gari haina: bahari nzima ya maji ya kupozea. Ina hatari moja pia. Mirija yake ya ndani ikioza na kutoboka, maji ya bahari yanaingia kwenye manifoldi, na silinda iliyojaa maji haibonyezeki. Utapinda fimbo ya pistoni siku utakayopiga stata. Kila msimu ifungue uipime kwa presha, badilisha zinki zake (vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya chuma chake), na usafishe kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kila safari. Kama inalishwa na maji yanayosukumwa na mwendo wa boti, weka valvu ya kupunguza presha, kwa sababu kwa mwendo mkubwa maji hayo yanaweza kusukuma kuliko mirija hiyo inavyovumilia. Fundi wangu wa kwanza alinifundisha kunusa kijiti cha oili na kutazama rangi yake kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa imefanana na chai ya maziwa, usiguse ufunguo.

Ukifanya hayo, hewa itarudi, na petroli lazima iifuate. Kwenye 5,000 na hewa kamili injini yako inahitaji takriban lita 3.2 za petroli kwa dakika, ukilenga sehemu 12 za hewa kwa moja ya petroli kwa uzito. Kama mtu alipunguza mafuta wakati injini imezibwa ili iache kutoa moshi, sasa utakuwa na mchanganyiko mkavu, hewa nyingi na petroli kidogo, chini ya presha, na pistoni inaweza kutoboka kabla hujasikia kugonga, kwani kelele ya boti inaficha mengi. Weka kipimo cha mchanganyiko chenye wigo mpana, lakini sensa yake ikae sehemu kavu ya ekzosi kabla maji hayajachanganywa humo. Tone moja juu ya sensa iliyowaka linaipasua. Na usiipime boti kama gari: dereva anakanyaga mafuta yote sekunde kumi, wewe unashikilia mizunguko 4,500 kwa nusu saa. Taimingi, yaani wakati wa cheche, inayovumilika barabarani inaweza kuyeyusha injini majini.

Puli, basi. Tuseme ungeongeza kasi ya supachaja kwa asilimia 13 ukiwa bado umezibwa. Kwenye njia iliyo wazi hiyo ingekupeleka karibu paundi 10. Kuizungusha Roots kwa hewa yako ya sasa kunakula angalau kilowati 20 kutoka kwenye injini. Kwa puli hiyo ingekuwa kama 31. Petroli ingepanda hadi zaidi ya lita 3.6 kwa dakika, na intakula ndogo ingezidiwa. Kwenye njia iliyozibwa ungelipia gharama hizo zote huku ukipokea sehemu tu ya hewa, kwa sababu supachaja ingezidisha kuvuta kwenye shimo lilelile na mvuto ungepanda. Puli ndogo ni uamuzi unaofuatana na intakula kubwa, nozeli kubwa, plagi baridi zaidi na mafuta yenye okteni ya kutosha. Hata mguu wa propela una kiwango chake cha msokoto. Gia zake hazijui nguvu mpya imetoka wapi.

Hilo la propela usilisahau hata bila puli mpya. Injini ikirudisha asilimia 7 au zaidi ya hewa, itaizungusha propela uliyonayo juu ya kiwango ulichozoea, na ukiruka wimbi propela ikatoka majini, kidhibiti cha mizunguko kitafanya kazi ya ziada. Baada ya kusafisha njia ya hewa, soma mizunguko ya juu ukiwa na tangi nusu na mzigo wa kawaida. Ikivuka kikomo cha mtengenezaji, ongeza pichi ya propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kwa inchi moja; kila inchi hupunguza kama mizunguko 150 hadi 200. Kisha rudi upime tena mvuto ule wa juu ya supachaja. Ukiwa chini ya kilopaskali 2, mimi ningeiacha hapo.